Mita Imesema, Kompyuta Imesikia Nini?

Betri ya sola ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 100 hupimwa kwa kuichosha polepole. Inachajiwa hadi ijae, inafungiwa mzigo unaovuta ampea 5, kisha fundi anasubiri volti zishuke hadi 10.5. Betri nzima huhimili saa 20. Iliyochoka huishiwa nguvu mapema, na iliyobandikwa lebo ya uongo hujulikana kabla ya alasiri. Kazi yenyewe ni nyepesi; kinachochosha ni kukaa. Saa 20 ni mchana na usiku, na sehemu yenye habari nyingi ni ya mwisho, pale volti zinapoacha kuteremka taratibu na kuanza kuporomoka. Jaribio likianza saa mbili asubuhi, betri nzima itaporomoka saa kumi alfajiri, wakati usingizi ni mzito kuliko wote.

Fundi mwenye daftari, akiandika kila baada ya dakika 10, atapata vipimo 120 ikiwa hatasinzia. Kompyuta iliyounganishwa na mita, ikiuliza kila baada ya sekunde 10, itapata vipimo 7,200. Hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa nini maabara duniani zimekuwa zikifunga vyombo vya kupimia kwenye kompyuta kwa zaidi ya miaka 50. Haielezi, hata hivyo, jinsi vipimo 7,200 vinavyoweza kuwa na kasoro vyote, vikiwa vimejipanga vizuri kwenye safu, bila mtu kushtuka.

Namba iliyo kwenye kioo cha mita na namba iliyo kwenye faili la kompyuta ni vitu viwili. Kati yake kuna waya, na ndani ya waya kuna mazungumzo yenye adabu zake. Anayenunua mita nzuri na kompyuta nzuri bila kuyajali mazungumzo hayo amenunua nusu ya maabara.

Adabu hizo zilianza kuandikwa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa ikiuza vyombo vingi vya kupimia na pia kompyuta ndogo za kuviendesha, lakini kila chombo kilitaka kebo yake na saketi yake. Wahandisi wake wakabuni njia moja ya kuviunganisha vyote, wakaiita HP-IB. Mwaka 1975 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliipitisha kuwa kiwango namba 488, na kampuni nyingine zikaitumia kwa jina la GPIB. Kebo yake ni nene na ngumu kukunja, plagi ina pini 24, na plagi moja hupachikwa mgongoni mwa nyingine. Hivyo vyombo 15, kompyuta ikihesabiwa humo, vinaweza kushiriki njia moja mradi urefu wote wa kebo usizidi mita 20.

Ustadi wa njia hiyo uko katika namna inavyoendesha kikao. Kila chombo hupewa namba, kuanzia 0 hadi 30. Kompyuta ndiyo mwenyekiti: inataja nani aseme na nani wasikilize, na kwa wakati mmoja msemaji ni mmoja tu. Kati ya nyaya 16 za kazi, nane hubeba data, tano hubeba maagizo ya kikao, na tatu zilizobaki zina jukumu moja tu, nalo ni kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma. Mswahili haingii nyumba ya mtu bila hodi, na nyaya hizo tatu zinafanya jambo lilelile kwa umeme. Waya wa kwanza wa wasikilizaji hubaki umeshikwa hadi wote wawe tayari kupokea. Ndipo msemaji huweka baiti moja na kupiga hodi kwa waya wake mwenyewe. Waya wa tatu huachiliwa pale tu msikilizaji wa mwisho anapokuwa ameipokea. Kisha baiti inayofuata.

Kwa utaratibu huo, mzito kuliko wote ndiye anayeamua mwendo. Kiwango kiliruhusu hadi baiti milioni moja kwa sekunde, lakini printa moja ya zamani ikiwa miongoni mwa wasikilizaji, wote watatembea mwendo wa printa. Leo jambo hilo linaonekana kama udhaifu. Kwa kazi ya upimaji lilikuwa uamuzi wa busara sana, maana baiti iliyochelewa inavumilika, iliyopotea haivumiliki.

Waya mmoja haukuleta lugha moja. Mita ya HP 3478A, ya miaka ya 1980, ilielewa amri kama F1RAN5T1: F1 ni volti za DC, RA ni kujichagulia masafa yenyewe, N5 ni tarakimu tano na nusu, T1 ni kujianzishia kupima. Mita ya kampuni nyingine ilikuwa na herufi zake, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haikufaa kwa nyingine. Toleo la 488.2 la mwaka 1987 liliweka sarufi: umbo la namba, alama ya mwisho wa ujumbe, namna ya kuripoti makosa, na amri chache ambazo kila chombo ni lazima kizijue. Mwaka 1990 kundi la watengenezaji likaongeza msamiati wa pamoja ulioitwa SCPI. Tangu hapo swali *IDN? likiulizwa chombo chochote cha familia hiyo huleta jina la mtengenezaji, modeli, namba ya chombo na toleo la programu yake ya ndani. Na MEAS:VOLT:DC? ni ombi la volti linaloeleweka na mita za kampuni zinazopigania mteja yuleyule.

Baadaye waya wenyewe ulibadilika. Mwaka 2003 ulikuja utaratibu wa vyombo vya kupimia kwa USB, uitwao USBTMC, na mwaka 2005 ule wa mtandao wa kebo wa ofisini, uitwao LXI. Chini ya programu kuna tabaka liitwalo VISA, ambalo kazi yake ni kuificha tofauti hiyo. Maneno hayakubadilika. Swali lililoandikwa kwa ajili ya kebo nene ya mwaka 1990 linapita leo kwenye waya mwembamba wa USB bila kuongezwa herufi. Tarishi ni mpya, barua ni ileile.

Basi turudi kwenye betri, na tuseme mita iliyopo ni 34401A, iliyotolewa na Hewlett-Packard mwaka 1991, yenye tarakimu sita na nusu na bado ikiheshimiwa maabarani. Nyuma yake ina milango miwili, GPIB na RS-232. RS-232 ni mlango wa kale zaidi, uliotungiwa kiwango Marekani mwaka 1960, na bado unapendwa kwa sababu kebo yake ni rahisi. Hapo ndipo kikwazo cha kwanza kinapokaa. Kiwandani mita hii hupangwa kutuma biti 7 za data na biti moja ya kuhakiki, ilhali programu nyingi za kompyuta hutarajia biti 8 bila uhakiki. Kasi ni moja pande zote mbili, biti 9,600 kwa sekunde, kebo ni nzima, na bado kinachotokea kwenye skrini ni herufi zisizosomeka. Fundi anabadili kebo, anabadili kompyuta, anailaumu mita. Hakuna kilichoharibika. Pande mbili hazikukubaliana jinsi ya kuhesabu.

Kosa la namna hiyo lina heri moja: linaonekana. Yanayopaswa kuogopwa ni yale yanayoleta namba zenye sura njema.

Chukua jibu lililochelewa. Programu inauliza volti, inasubiri sekunde mbili, haipati kitu, inaandika kwamba muda umeisha na kuendelea. Mita haikuwa imekufa. Ilikuwa inakamilisha kipimo kirefu. Jibu linafika sekunde moja baadaye na kuketi kwenye hifadhi ya muda ya kompyuta. Programu inauliza tena, inakuta jibu liko tayari, inalichukua kwa furaha. Ni jibu la swali lililopita. Kuanzia hapo kila swali linapata jibu la swali lililolitangulia, hadi mwisho wa jaribio. Kama programu inauliza volti, kisha ampea, kisha joto kwa zamu, safu ya volti sasa ina joto na safu ya ampea ina volti, na joto la 25 likisomwa kuwa volti 25 huenda likamshtua mtu. Lakini kama inauliza volti peke yake, hakuna kitakachomshtua yeyote. Grafu itakuwa nyororo. Itakuwa tu nyuma ya saa kwa hatua moja.

Waliotunga 488.2 na SCPI waliliona hili, ndiyo maana chombo kinachofuata kanuni kina foleni ya makosa ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Kosa -410 maana yake kimeletewa swali jipya kabla jibu la kwanza halijachukuliwa. Kosa -420 maana yake kimetakiwa jibu bila swali lililokamilika. Haya ni malalamiko ya mzungumzaji aliyekatizwa kauli, na yanamwambia mwandishi wa programu mahali hasa alipokosa adabu. Lakini mita haipigi kelele. Inaweka lalamiko kwenye foleni na kungoja iulizwe SYST:ERR?. Programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka haziulizi.

Kuna mtego mwingine ndani ya neno lililo rahisi kuliko yote. Amri ya MEAS hupima, lakini kabla ya kupima huirudisha mita kwenye mipangilio yake ya msingi. Fundi aliyekaa asubuhi nzima akibonyeza vitufe ili mita ipime polepole na kwa utulivu, kisha akaandika programu inayotuma MEAS:VOLT:DC?, ameifuta kazi yake kwa amri moja. Neno alilolihitaji ni READ?, linalopima kwa mipangilio iliyopo. Tofauti hiyo imeandikwa waziwazi kwenye kitabu cha mita.

Na kwa nini apime polepole? Kwa sababu hewa ya maabara imejaa umeme wa gridi. Afrika Mashariki umeme huo hubadilika mara 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Mita nzuri huikusanya volti kwa muda unaolingana na mizunguko kamili, ili kupanda na kushuka kwa kelele hiyo kufutane. Marekani mzunguko ni milisekunde 16.67. Mita iliyoletwa kutoka huko na ikabaki inaamini iko kwao itakata kelele katikati ya mzunguko, na tarakimu za mwisho zitacheza bila kutulia. Mita nyingi hujitambulia zenyewe zinapowashwa; nyingine husubiri kuambiwa. Kwa mizunguko 10 kila kipimo huchukua milisekunde 200, muda ambao kwenye jaribio la saa 20 si kitu.

Namba ikishafika salama, bado haijasalimika. Mita ya 34401A hutuma volti za betri kwa umbo hili: +1.26384120E+01, yaani 12.638412. Alama ya desimali ni nukta, na kiwango hakiruhusu nyingine. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kiingereza inaelewa. Lakini Bukavu, Bujumbura na Lubumbashi kompyuta nyingi za ofisini zimepangwa kwa Kifaransa, ambako desimali ni mkato. Faili lililohifadhiwa kwa nukta likifunguliwa kwenye lahajedwali la namna hiyo, 12.638 huonekana kama maneno tu, na fomula ya kujumlisha huyaruka maneno kimyakimya. Kwenye mpangilio wa Kijerumani hali ni mbaya zaidi: nukta hutenganisha maelfu, kwa hiyo volti 12 na ushei hugeuka elfu kumi na mbili na ushei. Timu za utafiti za kanda hii huvuka mipaka ya lugha hizo kila wiki, na faili husafiri nazo.

Namba nyingine si namba kabisa. Volti zikizidi masafa yaliyowekwa, kioo cha mita huandika OVLD, na binadamu yeyote anajua amezidisha. Kwenye waya mita hiyo hiyo hutuma 9.90000000E+37, namba yenye tarakimu 38, ambayo katika lugha ya SCPI ni ishara ya kwamba kipimo kimevuka mpaka. Programu isiyolijua hilo huiingiza kwenye wastani, na wastani unakuwa upuuzi. Huo ni msiba mdogo kwa kuwa unajitangaza. Msiba mkubwa ni wa programu inayojifanya mjuzi, ikaona namba ya ajabu, ikaweka sifuri mahali pake. Sifuri ni kipimo halali. Hakuna atakayejua.

Oskiloskopu ina shida za aina yake, kwa sababu haitumi namba moja bali umbo zima la wimbi, maelfu ya nukta kwa mkupuo. Ili kuokoa muda hutuma baiti mbichi. Mkupuo hutanguliwa na alama kama #41000: tarakimu 4 inasema urefu umeandikwa kwa tarakimu nne, na tarakimu hizo zinasema baiti 1,000 zinakuja. Kila baiti ni namba kati ya 0 na 255 isiyo na maana hadi izidishwe na kusogezwa kwa vipimo ambavyo kompyuta lazima iviombe kando. Sasa, baiti yenye thamani 10 ndiyo pia alama ya kumaliza mstari wa maandishi. Programu iliyozoea kusoma hadi mwisho wa mstari itasimama pale wimbi linapopita kwenye thamani 10, iwe ni nukta ya tatu au ya mia nane. Mwanafunzi huona wimbi lililokatwa, tena kila mara mahali tofauti, akadhani saketi yake ndiyo inayokatika. Na kama oskiloskopu inatumia baiti mbili kwa kila nukta, lazima ijulikane ipi inatangulia. Zikipinduliwa, 1 husomeka 256.

Kebo yenyewe nayo haistahili kudharauliwa. Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA, waliokuwa wakipokea chembe za nyutrino huko Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730 hivi kutoka maabara ya CERN zilikorushwa, walitangaza kwamba chembe hizo zilifika takriban nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Kama ingekuwa kweli, fizikia ya karne nzima ingebidi iandikwe upya. Walikuwa wamechunguza kwa miezi mingi, na kwa uadilifu waliuomba ulimwengu uwasaidie kutafuta kosa. Februari 2012 ikatangazwa kwamba kebo ya nyuzi za mwanga, iliyopeleka ishara ya saa ya GPS kwenye kompyuta kuu ya mradi, haikuwa imechomekwa sawasawa. Vipimo vya baadaye mwaka huo vilionyesha nyutrino hazivuki kasi ya mwanga. Wanasayansi wale hawastahili kuchekwa. Ilikuwa data kamili, yenye maelfu ya matukio, na takwimu zake zilikuwa imara. Takwimu haziwezi kugundua plagi iliyolegea.

Uamuzi wa kompyuta juu ya namba iliyopokea una hatari yake pia. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Shirika la Uingereza la Utafiti wa Antaktika walichapisha katika jarida la Nature kwamba tabaka la ozoni juu ya bara hilo lilikuwa likipungua kwa kiasi kikubwa kila majira ya kuchipua. Walitumia chombo cha Dobson kilichokuwa kituoni Halley, teknolojia ya miaka ya 1920. Wakati huohuo setilaiti ya Nimbus-7 ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1978, ilikuwa ikipima ozoni hiyohiyo kutoka angani. Programu ya kuchambua data zake iliviwekea alama ya shaka vipimo vyote vilivyokuwa chini ya 180 kwa kipimo cha Dobson, kwa kuwa havikutarajiwa. Wataalamu walikuwa wameanza kuvichunguza vipimo hivyo, lakini Waingereza walitangulia kuchapisha. Jambo la kuokoa ni moja: vilitiwa alama, havikufutwa. Vilipofunguliwa upya, shimo la ozoni lilikuwa limo humo, likiwa limechorwa siku kwa siku.

Uingereza hiyohiyo ilipata somo jingine mwaka 2020. Matokeo ya vipimo vya korona kutoka maabara yaliingizwa kwenye lahajedwali la muundo wa zamani ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila onyo. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliokutwa na maambukizi hawakuhesabiwa kwa wakati, na waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Mashine za maabara zilikuwa zimepima sawasawa.

Mfano huo unagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa hapa chombo cha kupimia kinachokutana na wananchi wengi kiko hospitalini. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha Xpert MTB/RIF, kinachotumia mashine ya GeneXpert kutambua kifua kikuu na usugu dhidi ya dawa ya rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi. Mashine hiyo haina maana bila kompyuta. Imefungwa kwayo tangu kiwandani. Ila kutoka kwenye kompyuta hiyo kwenda kwa daktari, kwenye rejista ya wilaya na kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya kama DHIS2, jibu likinakiliwa kwa mkono linapita katika kila udhaifu wa mkono: namba ya mgonjwa iliyobadilishwa tarakimu mbili, mstari ulioruka, daftari lililojaa. Saa mbili za mashine zinaweza kuwa siku kumi za karatasi.

Watunga viwango vya maabara za tiba walikuwa waangalifu kuliko wale wa mita. Utaratibu uliochapishwa na shirika la viwango la ASTM la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao bado unatumiwa na mashine nyingi za damu na kemia, hukata ujumbe katika vipande vyenye namba za mfuatano. Kila kipande hubeba jumla ya kuhakiki iliyokokotolewa kutokana na herufi zake. Mpokeaji hurudia hesabu. Ikilingana hukubali, isipolingana hukataa na kutumiwa tena, hadi mara sita. RS-232 ya kawaida ya mita ina biti moja tu ya uhakiki kwa kila herufi, na wengi huizima. Tofauti hiyo ina sababu ya kibinadamu: volti iliyokosewa hurudiwa kesho, lakini mgonjwa aliyepewa jibu la mwenzake humeza dawa leo.

Kwenye benchi la betri, yale yanayofaa kufanywa hayahitaji fedha nyingi. Programu ianze kwa kukisafisha chombo na kukiuliza jina lake, ili mabaki ya mazungumzo ya jana yasichanganywe na ya leo. Ipange kila kitu yenyewe bila kutegemea vitufe alivyobonyeza mtu. Kila baada ya vipimo kadhaa isome foleni ya makosa. Jibu liandikwe kwenye diski papo hapo, kama lilivyofika, herufi kwa herufi, pamoja na saa. Hesabu na grafu zifanywe kwenye nakala. Mita ya 34401A ina kumbukumbu ya vipimo 512 tu, kwa hiyo haiwezi kuwa ghala la akiba la jaribio lenye vipimo 7,200. Na laptopu, tofauti na inavyodhaniwa, husinzia: isipozuiwa kwenye mipangilio yake, itajizima baada ya nusu saa ya kutoguswa na kumwachia fundi faili lenye vipimo 180.

Programu zenyewe hazina tena bei ya kutisha. National Instruments, kampuni iliyoanzishwa Austin, Texas, mwaka 1976, ilitoa LabVIEW mwaka 1986, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa njia iliyozoeleka maabarani, ikiwa na leseni zake za kulipia. Leo mwanafunzi mwenye Python na maktaba ya bure ya PyVISA anaweza kuisoma mita kwa mistari isiyozidi kumi. Ipo programu huria ya AR488 inayoigeuza bodi ya Arduino ya bei nafuu kuwa daraja la GPIB. Toleo la 6.13 la Linux, lililotoka Januari 2025, lilikuja na madereva ya GPIB ndani yake, nusu karne baada ya kiwango cha 1975. Vyombo vilivyozeeka kwenye kabati za vyuo vya ufundi na vyuo vikuu, ambavyo si ajabu kukuta mlango wake wa nyuma haujawahi kuchomekwa kitu, vimepata umri wa pili.

Kinachobaki kuwa ghali ni ukimya wa muuzaji. Baadhi ya watengenezaji huuza ufunguo wa programu kabla mlango wa data haujafunguka. Wengine huhifadhi vipimo katika faili ambalo programu yao peke yake inaweza kulifungua. Kitabu cha amri hakiwekwi kwenye boksi, na mnunuzi hajui kwamba alipaswa kukidai. Chombo cha mamilioni kinabaki kusomwa kwa macho na kuandikwa kwa kalamu ya wino.

Maabara za upimaji zisizo za tiba zinazotafuta ithibati, iwe chini ya shirika la ithibati la KENAS nchini Kenya au lile la SADCAS linalohudumia Tanzania, hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025. Toleo la 2017, kifungu 7.11, linataka mfumo wa kushughulikia data uthibitishwe kabla ya kutumika, na uhamishaji wa data ukaguliwe kwa utaratibu. Hiyo ni hoja ya kutosha kwa mkuu wa maabara kusimama mbele ya kamati ya zabuni na kudai mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba: kitabu kamili cha amri, mlango wa data uliofunguliwa bila malipo ya ziada, na data mbichi katika maandishi yanayosomeka. Na siku chombo kinapoletwa, usisaini hati ya mapokezi kwa kuona taa zinawaka. Chomeka kebo, kiulize *IDN?, na jibu lije kwenye kompyuta yako muuzaji akiwa bado chumbani.